Usisifu Kitu Nyumbani kwa Asylkan

Ushauri ninaowapa watalii ni mfupi, na hauna hata neno moja la kutia chumvi. Mkate usiuweke kifudifudi. Kizingiti usikikanyage, kivuke. Ukipewa kikombe cha chai kilichojaa nusu, usinione bahili. Nimejaza nusu ili uninyooshee tena mkono, nami nipate sababu ya kukumiminia. Siku nitakayokijaza mpaka juu, anza kufunga mzigo wako. Koti zito beba, hata kama ni Julai, maana theluji ya huku haijui kalenda. Kumis, yale maziwa yetu ya farasi yaliyochacha, siku ya kwanza onja tu. Tumbo lako ni geni kama wewe mwenyewe.

La mwisho ndilo majirani wananichekea: usisifu kitu chochote ndani ya nyumba yangu.

Nililisema mbele ya binti wa ofisi ya utalii alipopita kijijini kwetu, huku milimani juu ya mji wa Kochkor, akikusanya maneno ya kubandika kwenye kuta za sisi tunaopokea wageni. Alikuwa mtoto mzuri, kucha nyekundu, viatu vyeupe katika tope la mwezi wa nne.

"Hata chakula, mama?" akaniuliza.

"Chakula wakisifu wakishakimaliza."

"Lakini mgeni akisifu si ndiyo heshima yenyewe?"

"Umeolewa wewe?"

"Bado."

"Basi andika tu, mwanangu. Utakuja kuelewa."

Akaandika. Wiki mbili baadaye akaniletea karatasi ngumu yenye maneno ya Kirusi na Kiingereza: tafadhali usisifu vitu, mwenyeji wako atalazimika kukupa. Nikaibandika chumba cha wageni, usawa wa macho, mahali ambapo hata mlevi angeiona.

Kwetu mgeni akisema kitu ni kizuri, mwenye nyumba humpa. Hiyo ni desturi, nami siitukani. Watu wenye akili zao wana njia ya kuipitia pembeni: mgeni akisifu bakuli, wao hukohoa, huuliza habari za mvua. Lakini mimi niliolewa na Esenkul, na Esenkul ana masikio ya kusikia sifa hata kabla haijatoka mdomoni. Sanduku la mama yangu, lile lililopigwa bati la maua, lilikwenda kwa wifi yangu Zuura, dada yake Esenkul, kwa sababu alilipapasa kidogo siku ya sherehe akasema, "Lo, kazi ya zamani hii." Birika letu kubwa la shaba lilikwenda Ujerumani. Koti langu la mahameli, nililolivaa mara mbili tu, limeolewa na mke wa daktari wa mifugo, na kila nikikutana naye sokoni analifunga vifungo mpaka shingoni, sijui ananiogopa nini.

Bonde zima linamjua mume wangu: Esenkul mkono wazi. Wanasema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Ni kweli kabisa. Moyo ulikuwa wake, vitu vilikuwa vyangu. Yeye mwenyewe ana kitu kimoja anachokipenda duniani, tandiko la farasi la babu yake, la mbao na ngozi, limepambwa fedha mbele na nyuma. Tandiko hilo linaning'inia zizini, gizani, nyuma ya magunia. Mgeni gani ataingia zizini kusifu?

Mimi nilikuwa nimebakiwa na zulia.

Ni zulia la sufu, la mapambo ya pembe za kondoo, nyekundu juu ya nyeusi, la kushonwa kwa mkono. Tulilianza mama na mimi kwa ajili ya harusi yangu. Mama alikufa likiwa halijafika nusu, nikalimaliza peke yangu. Nilikuwa nimemwekea binti yetu, Begaiym, anayeolewa na Daniyar mjini vuli hii. Mtu ataniuliza: kama unaliogopea, kwa nini usilifungie? Huyo hajui kijiji. Kilicho bora hutandikwa chini ya mgeni, upande wa heshima, mbali na mlango. Ningelikunja, siku hiyo hiyo ingetangazwa kwamba Asylkan anaficha vitu. Kwa hiyo likabaki chumba cha wageni, karatasi ikilichunga kutoka ukutani.

Na ikalichunga kweli. Kiangazi kile wageni waliingia, wakasoma, wakaanza kutazama dari. Kulikuwa na mama mmoja Mfaransa aliyekaa juu ya lile zulia, akainama, akafungua mdomo, kisha akauziba kwa mkono. Mimi nilikuwa mlangoni na trei ya chai. Nilikuwa nimeogopa, na mdomo wake ulipofungwa nilitulia. Lakini nilipokuwa naosha vikombe niligundua kwamba nimekasirika, na nilichokasirikia sikukijua.

Esenkul yeye alidhoofu waziwazi. Alikuwa anakaa na wageni, anawaonyesha hiki na kile, wanatikisa kichwa tu kama watu waliokatazwa na daktari.

"Mama Begaiym," akaniambia siku moja, "wageni wa siku hizi wana nini? Wanakula kama wako msibani."

"Wamestaarabika."

"Juzi nimemletea yule Mkorea kisu cha kukunja, nikamwekea mkononi. Unajua alisema nini?"

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Kisu.'"

"Si ni kisu?"

Akanigeukia. "Umewafanya nini wewe?"

Hakuwahi kuisoma ile karatasi, maana miwani yake aliigawa mwaka juzi.

Nikampigia simu Begaiym kumwambia zulia lake liko salama. Nilidhani atafurahi. Akasema kwa upole, ule upole wa mtoto anayejua anakuumiza:

"Mama, nyumba ina sakafu ya kupasha joto. Zulia tutaliweka wapi?"

"Chini. Zulia huwekwa chini."

"Na sufu inaleta nondo. Mama yake Daniyar hawapendi nondo."

"Mwambie na nondo hawampendi yeye."

"Mama, usikasirike. Ukitaka kunipa kitu, nipe mashine ya kufulia."

Nikamwambia sawa, nikakata simu, nikaenda kukaa juu ya zulia langu. Niliumia, sina sababu ya kuficha. Nimelilinda dhidi ya mume, dhidi ya wifi, dhidi ya Mataifa, halafu mwenyewe halitaki. Na watu ambao labda wangelitaka nimewaziba midomo kwa herufi kubwa.

Mwezi wa nane akaja Radim. Alikuwa Mcheki, mzee mrefu mwenye masharubu meupe, amestaafu udereva wa treni za mjini. Kirusi alikijua kidogo kutoka shule ya zamani hizo, kwa hiyo tulielewana. Alivua viatu bila kuambiwa, akavuka kizingiti vizuri, akasoma karatasi yangu mwanzo hadi mwisho kama msimamizi wa mtihani anayekagua maswali. Kisha akaketi na mikono magotini.

Kosa lake lilikuwa moja. Alikuwa na ushauri mwingine, wa kitabu alichonunua kwao, na kitabu kilimwambia: huko usikatae kinachotoka mkononi mwa mwenyeji. Esenkul akamimina bakuli la kumis. Radim akanywa lote. Esenkul akafurahi, kwani hakuwa amefurahishwa na mgeni tangu majira ya kuchipua, akamimina la pili. Nikasema, "Baba Begaiym, siku ya kwanza wanaonja." Akasema, "Mwache mwanamume mwenzangu anywe." La tatu Radim alilinywa akiwa amefumba macho.

Usiku hatukulala sote watatu, na choo chetu kiko mwisho wa bustani.

Asubuhi alikuwa amelala chumba cha wageni, godoro jembamba juu ya zulia, uso umegeukia chini, rangi ya maziwa. Nikampa maji ya mchele. Nikampa chai kavu isiyo na sukari. Alikaa hivyo siku ile na iliyofuata, ubavu mmoja, shavu ukingoni mwa godoro, macho sakafuni. Kugeuka hakuthubutu.

Zuura akaja kuona, maana habari ya tumbo la mgeni huvuka mto kabla ya mgeni mwenyewe. Akachungulia chumbani.

"Wifi, umemuua?"

"Kaka yako ndiye aliyemimina."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nasema, na hakuna aliyesikia. Hilo si jipya nyumba hii."

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."

"Huyu ya tatu labda tumchimbie kwa hilo jembe."

Zuura akacheka, akajifuta macho, kisha macho yake yakateremka polepole mpaka sakafuni. "Wifi, na hili zulia…"

"Zuura."

"Sisifu. Nimesema tu kwamba lipo."

"Lipo. Twende nje."

Siku ya tatu Radim aliamka. Alikula mkate, akala supu, akamaliza, ndipo akasema supu ilikuwa nzuri sana. Mtu wa utaratibu. Akakunja nguo zake, akafunga begi. Esenkul akatoka kwenda barabarani kumzuia dereva wa basi dogo la Kochkor asituruke. Nikabaki na Radim chumbani. Alikuwa anafunga kamba za begi, mimi nakunja godoro, na zulia lote likawa wazi kati yetu.

Sijui nilipatwa na nini. Au najua.

"Ulilala vizuri?" nikamwuliza.

"Vizuri, mama, asante. Ukiacha tumbo."

"Chini hapakuwa na baridi?"

"Hapana. Palikuwa na joto."

"Joto la nini?"

Akatazama zulia, akatazama karatasi ukutani, akanitazama mimi. "Imeandikwa…"

"Najua ilivyoandikwa. Niliyeisema ni mimi."

"Basi ni mtihani?"

"Si mtihani. Nakuuliza tu ulilalia nini."

Akafikiri. Dereva huyu, nadhani, hajawahi kupita taa nyekundu maisha yake yote. "Nikisema," akasema, "utanipa?"

"Sikupi."

"Kweli?"

"Kweli kabisa. Sema."

Basi Radim akaweka begi chini, akapiga magoti, mzee mzima, akaweka kidole juu ya mshono.

"Kuanzia huku," akasema, "sindano inakwenda karibu karibu. Mishono midogo, imenyooka, yote sawa. Inafika hapa. Halafu hapa, katikati ya hii pembe, inabadilika. Inakuwa mirefu, inakimbia, kama mtu anayekimbilia gari. Inakimbia hivyo mpaka pale. Kisha mwishoni inatulia, ni mizuri, lakini si ile ya kwanza. Ile ya kwanza hairudi tena." Akainua uso. "Siku mbili nimelala nikiitazama. Sikuwa na kingine cha kutazama. Nikawa najiuliza nani aliondoka hapa katikati."

Nikaliachia godoro likafunguka.

"Ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyoona tangu niingie nchi hii," akasema. "Samahani."

Machozi yalinitoka na sikuyafuta. Zulia hilo limekaliwa na mamia ya watu. Wamekula juu yake, wamelilalia, wamelimwagia chai. Wakwe zangu walilipokea siku ya harusi, wakahesabu rangi zake, wakasema linatosha. Hakuna aliyewahi kuniuliza nani aliondoka.

Nilipogeuka, Esenkul alikuwa mlangoni.

Alikuwa amesikia. Uso wake uling'aa kama wa mtu aliyenyeshewa baada ya kiangazi kirefu. Akaingia, akainama, akashika ncha ya zulia, akaanza kulikunja.

"Acha, baba Begaiym," nikasema.

"Mgeni kasifu."

"Nimesikia."

"Sasa?"

"Sasa acha."

"Mama alisema hanipi," Radim akasema haraka. "Tulikubaliana, bwana. Mimi sitaki, mimi nina basi—"

"Nyamaza kidogo, mgeni wetu," nikamwambia. "Jambo hili si lako."

Esenkul alibaki ameinama, ncha mkononi. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ameshangaa, na mshangao wake ndio ulioniuma zaidi, kwa sababu ulikuwa wa kweli. Miaka yote ile hakuwahi kudhani kwamba vitu vile vina mtu nyuma yake.

"Asylkan," akasema, na jina langu haliiti mara nyingi, "mtu kasifu kitu chini ya dari yangu, nami nimesikia kwa masikio haya. Aondoke mikono mitupu? Watu watasemaje?"

"Asiondoke mikono mitupu. Mpe chako."

"Changu kipi?"

Nikageuza macho upande wa zizi. Kulikuwa na kimoja tu, na tulikijua wote wawili. Nje dereva wa basi alipiga honi.

Esenkul akaachia zulia, akanyooka taratibu, akishika kiuno. Nilidhani atapiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, nilikuwa na maneno yangu yamepangwa tangu sanduku la mama. Akatoka. Tulimsikia akivuka ua, tukasikia mlango wa zizi, kisha magunia yakisogezwa moja baada ya jingine, na kila gunia lilichukua muda wake.

Alirudi amelibeba kwa mikono miwili. Alikuwa amelifuta vumbi kwa mkono wa shati lake, fedha inameta. Akamwekea Radim kifuani.

"La babu yangu," akasema. "Kwa sababu ulisifu zulia la mke wangu."

Maskini Radim. Karatasi yangu haikumwambia lolote kuhusu hali kama hii, na kitabu chake kilikwisha kumwambia asikatae. Alikumbatia lile tandiko kwa mikono yote miwili, begi mgongoni, tukamsindikiza mpaka getini. Ni mtu ambaye, alinieleza mwenyewe akiwa mgonjwa, hajawahi kupanda mnyama yeyote.

Zuura alikuwa barabarani, bila shaka. "Kaka," akasema, "hilo si tandiko la babu?"

"Mgeni kasifu zulia," akajibu Esenkul.

"Zulia? Sasa mbona…"

"Ndiyo hivyo."

Zuura akanitazama mimi. Nikamtazama nami. Alikuwa na la kusema, nikaliona likipanda mpaka kooni na likishuka tena. Basi dogo likaondoka, na dirishani tuliona masharubu meupe na juu yake ile fedha ikigongagonga kioo.

Nikarudi jikoni. Nilitegemea kufurahi, maana nilikuwa nimeshinda, na kushinda katika nyumba hii si jambo la kila mwaka. Niliosha sufuria moja, nikaiosha tena. Nilikuwa mwanamke wa kwanza bonde zima kusifiwa na asitoe, na mwanamume wangu alikuwa ametoa kipenzi cha roho yake bila kunijibu neno. Aibu na furaha vilikuwa vimekaa kiti kimoja, hakuna anayempisha mwenzake.

Baadaye nikaona viatu vyake mlangoni mwa chumba cha wageni.

Alikuwa amepiga magoti juu ya zulia, ameinamia, pua karibu na sufu kwa sababu ya macho yake.

"Alionyesha wapi?" akauliza bila kugeuka.

Nikaenda, nikapiga magoti, nikashika kidole chake, nikakiweka. Akakipitisha polepole, akasimama katikati ya pembe, akarudi nyuma, akapita tena.

"Mkono wa mama yako ulikuwa mzuri zaidi," akasema.

"Ndiyo," nikasema. "Ulikuwa mzuri zaidi."

Akaendelea. Kidole kikafika kwenye ile mishono mirefu, inayokimbia. Akaifuata yote mpaka ilipokwisha, kisha akairudia. "Hapa ulikuwa na haraka ya nini?"

"Harusi."

"Harusi ipi?"

"Yetu. Mama alipokufa baba yangu alituma watu kwenu, kuwaomba msogeze siku mpaka masika. Mkajibu arobaini itakuwa imeshapita, farasi wa kuchinja ameshanunuliwa, zulia liwe tayari. Nilishona usiku na mchana. Nilikuwa bado sijamlilia."

Kidole chake kilisimama hapo hapo. Nje kondoo walikuwa wanarudi, na hakwenda kuwafungulia.

"Niliambiwa umekubali," akasema.

"Hakuna aliyeniuliza."

Kisha akajisogeza nyuma kwa magoti yake, taratibu, mpaka akatoka juu ya zulia kabisa, akaketi kwenye mbao tupu.